Mivinje ya Nyuma ya Ukuta

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tupo, tunapumua, na anayelalamika ni goti la Mama peke yake. Siku hizi linatabiri mvua, na kibaya zaidi linapatia. Wifi yako anakusalimu sana. Kile kitambaa ulichomtumia kimetoa gauni na bado kikabaki cha foronya mbili. Kijana wangu mkubwa ameng'oka meno ya mbele, anaongea kama bomba linalovuja. Anauliza shangazi anarudi lini na kama huko uliko kuna meno ya kuuza.

Nakuandikia kwa sababu simu ya jirani haina siri. Ukiinua tu, nyumba nzima inanyamaza ikusikilize.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi, na usicheke, ni pale Msituni. Halmashauri imeamua kuifufua ile bustani yote, kuanzia ufukweni mpaka ukuta wa hospitali ya wazazi. Wameizungushia uzio wa mabati na kuleta mashine. Mimi naendesha kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Kijana alikwenda kujisifu shuleni kwamba baba yake anaendesha kijiko, wenzake wakamwambia hata wao wanaendesha, asubuhi kwenye uji.

Langoni wamebandika ubao wenye historia ya mahali. Niliusoma wote, nimevaa kofia yangu ya kazi kama mkubwa fulani. Kumbe zamani pale hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa mchanga mtupu, na upepo wa bahari ukiubeba kuuleta mjini, ukiziba milango na kufukia visima, mpaka mtaa mmoja ukahamwa kabisa. Ndipo ikapandwa mivinje, safu baada ya safu, na kumwagiliwa kwa mitungi ya kichwani. Ubao unasema "wakazi walijitolea." Nilipomsimulia Mama alicheka mpaka akakohoa. Anasema bibi yetu alikuwa mmoja wa hao waliojitolea, na aliyewajitolesha alikuwa na fimbo.

Baadaye zikaja njia za matofali, viti, banda la bendi na mabafu ya kuoshea chumvi. Yaliyofuata unayajua mwenyewe: taa zikaibwa, viti vikawa kuni, na mtu mwenye akili zake akawa hapiti pale magharibi ikiingia. Sasa vyote vinarudishwa. Miti haikatwi, ila iliyooza tu. Nimefurahi, Dada. Kwa mara ya kwanza nachimba kitu ambacho watoto wangu watakuja kukichezea.

Andika. Kimya chako kirefu kuliko safari.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta chumba cha kufulia cha hoteli, nikaificha chini ya shuka za ghorofa ya tatu mpaka saa ya chakula. Mwambie kijana meno ya huku ni ghali na hayatafuni vizuri. Mwambie wifi asishone mito mingi, atawafanya mlale.

Mimi mzima. Joto la humu ndani ni lilelile, mvuke asubuhi mpaka jioni, na msimamizi wetu ni yuleyule tunayemwita Bibi Kufuli, kwa sababu hata sabuni anaifungia. Pasi ninazo mbili, mdogo wangu: ya kunyooshea iko mkononi kutwa, ya kusafiria imo kabatini mwake mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo mwambie kijana shangazi atarudi mkataba ukimwachia.

Nimefurahi umepata kazi. Nimefurahi pia wanapatengeneza Msituni. Unakumbuka tulivyokuwa tunaokota yale matunda ya mvinje, madogo yenye miba, tunawawekea watu kwenye viti? Wewe ulikuwa hujui kukimbia, kila mara ulikuwa unakamatwa wewe.

Nikuulize kitu. Ule upande wa nyuma kabisa, unaopakana na ukuta wa hospitali ya wazazi, palikuwa na mivinje mitatu iliyopinda upande mmoja kama watu wanaosikiliza mlangoni. Bado ipo? Mmeufikia upande huo? Na watafanya nini pale?

Naulizia tu.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Mvua zimeanza, goti limeshinda. Mdogo wake kijana amepata surua ila imepita, amebaki na madoadoa na kiburi, maana alikuwa anapewa kila anachotaka.

Hatujafika upande unaoulizia. Tulianzia baharini, tunapanda polepole. Unavyochimba unaona enzi zote: juu takataka, chini yake njia ya matofali mekundu, bado nzima, chini ya matofali mizizi, na chini ya mizizi mchanga uleule mweupe. Ukiufunua tu, upepo unaanza kuutaka. Tunaulowanisha kwa maji kama walivyofanya wazee.

Mivinje yako nilikwenda kuitazama wakati wa mapumziko. Imebaki miwili. Mmoja ulianguka zamani, shina lake limeoza pale chini. Hakuna kitu kingine, majani makavu tu, na kimya. Ramani ya injinia inaonyesha patabaki hivyohivyo, miti na kivuli.

Ila kuna jambo silielewi. Kuna akina mama wanakuja kusimama nje ya uzio upande huohuo, pale mabati yalipoachana. Si kundi. Leo mmoja, kesho wawili, na hawasemezani. Watu wazima wa makamo na kupita, wamevaa vizuri. Nikadhani wanataka kuni. Nikamchagulia mmoja matawi makavu, nikamfungia mzigo mzuri, nikampitishia juu ya bati. Alinishukuru sana, akaondoka, na mzigo akauacha palepale.

Jioni nikamuuliza Mama mezani: "Mama, Dada anaulizia mivinje ya nyuma ya ukuta wa hospitali. Pana nini pale?"

Akaweka kijiko chini. "Mchuzi umezidi chumvi," akasema, akaenda kulala.

Wifi yako siku hiyo alikuwa amesahau kabisa kutia chumvi.

Mmoja wenu aniambie.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na surua. Mimi nimeungua mkono kidogo kwa mvuke, ndiyo maana mwandiko unatambaa. Si kitu, unapona.

Usimuulize Mama tena. Nakuomba kama dada yako mkubwa aliyekubeba mgongoni.

Nashukuru kusikia patabaki miti na kivuli. Basi hakuna la kuzungumza. Wakibadilisha ramani, niandikie siku hiyohiyo, usingoje kujaza karatasi.

Wale akina mama waache wasimame. Usiwape kuni.

Dada


11 Mei

Dada,

Umeniambia nisingoje, sijangoja.

Wamebadilisha ramani. Mbele, penye mandhari ya bahari, amepewa mtu wa kujenga mgahawa, na pale ndipo magari yalipotakiwa kukaa. Kwa hiyo magari yamesogezwa nyuma. Maegesho yote yatakuwa upande wa ukuta wa hospitali. Mivinje miwili itaondoka, ardhi itachimbwa kina cha mtu mzima kusimama, ijazwe kokoto, ilazwe lami. Msimamizi wetu, tunamwita Bwana Haraka, anasema tutafika huko mwezi wa saba.

Kabla ya hapo halmashauri imeitisha mkutano wa wakazi mwishoni mwa Juni, ukumbi wa shule. Mwenye pingamizi aseme hapo.

Dada, mimi si mtoto tena. Nina watoto, nina mvi mbili, wifi yako amezihesabu. Akina mama wameongezeka pale kwenye uzio tangu ramani mpya ibandikwe. Jana Mama alisema anakwenda dukani, akarudi bila kitu, na viatu vyake vilikuwa na mchanga mweupe.

Kama una jambo, sema sasa.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Bibi Kufuli ameuliza kwa nini karatasi za kufungia mashati zinaisha.

Ule mwaka ulipokuwa shule ya bweni, ukaandikiwa kwamba naumwa malaria, haikuwa malaria. Nilikuwa na mimba. Ni ya nani haina maana tena, mwenyewe alikwenda zake hata kabla tumbo halijaonekana. Baba alipojua hakunipiga, na heri angenipiga. Aliacha tu kuniona. Nikiingia sebuleni anatoka.

Nilijifungua pale hospitali ya wazazi kabla ya miezi kutimia. Mtoto hakulia. Nilisikia kimya, nikasikia mkunga anamwita Mama nje, nikasikia wananong'ona, basi. Sikumwona. Mama alikwenda kumwambia Baba, na Baba akasema neno moja, Mama aliniambia baadaye: "Hilo haliingii penye watu wetu." Makaburi ya ukoo yakawa yamefungwa, na ya mji yalitaka jina la baba wa mtoto. Kwa hiyo Mama akamfunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akatokea mlango wa nyuma wa hospitali, ule wa dobi. Aliporudi miguu yake ilikuwa na mchanga. Akaniambia, "Penye mivinje iliyopinda. Usiende."

Nilikwenda. Nilikwenda kila wiki mpaka nilipoondoka nchini. Nilikuwa nakaa kwenye mizizi nikijifanya napumzika. Na ndiyo, wale akina mama. Tulikuwa tunapishana njiani. Hatukuwahi kusalimiana hata mara moja. Ule mlango wa dobi haukufunguliwa kwa ajili yangu peke yangu.

Usiseme kwa mtu. Mama ameishi mji huo kwa heshima, kila mtu anamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo wa kwanza ni mimi, sitaki watu wakimwita wawe na kitu nyuma ya ulimi.

Sijui nakuomba nini. Siwezi kuja, nilimwomba Bibi Kufuli ruhusa akaniuliza nani amekufa, nikarudi kwenye pasi yangu.

Sasa unajua. Nisamehe kwa kukupa mzigo huu.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya mkutano. Niliisoma nimekaa ndani ya kijiko, injini imezimwa. Nilikaa mpaka Bwana Haraka akagonga kioo akidhani nimesinzia. Pole, Dada. Naandika pole na naona ilivyo ndogo hapa kwenye karatasi.

Mkutano. Ukumbi ulijaa. Watu walisema mengi: harufu ya mgahawa, watoto watagongwa, nani atapewa kibanda cha soda. Mtu mmoja aligombea kibanda cha soda mpaka akavuliwa koti. Mwishoni bwana wa halmashauri akakunja karatasi zake akasema: "Na ule upande wa nyuma, wa maegesho. Kuna mwenye jambo?"

Wale akina mama walikuwa wamekaa mle ndani, Dada, wametawanyika. Nilianza kuwatambua mmojammoja. Yule wa kuni alikuwa mbele yangu kidogo. Nilimwona anashika mgongo wa kiti kilicho mbele yake, anainuka nusu, kiti kikalia. Mumewe akamgeukia: "Unakwenda wapi?" Akasema, "Mguu umekufa ganzi." Akakaa.

Nami nilikuwa na mdomo. Ulikuwa umeniomba nisiseme, na nilikuwa nimeukasirikia moyoni ule ukimya wa watu wote, huku wa kwangu ukiwa mkubwa kuliko wote.

"Hakuna," akasema yule bwana. Akaandika.

Kesho yake nilimfuata injinia ofisini kwake, lile kontena la bati. Nikamwambia kuna ndugu yangu, simtaji, ana mtu wake amelala pale. Akavua miwani. Si mtu mbaya. Akaniambia: "Si wewe wa kwanza kuninong'oneza. Nikiandika kwa wakubwa wataniuliza kaburi la nani, alizikwa lini, nani shahidi. Huyo ndugu yako atasaini?"

Nikatazama ramani yake mezani.

"Basi mimi nifanyeje?" akaniuliza. Aliuliza kweli, akitaka jibu. Tukabaki tunatazamana kama watu wawili walioshika ncha mbili za gogo na hakuna anayejua linapelekwa wapi.

Mama hajui kwamba najua. Anazidi kuwa mkimya. Anamfundisha kijana kufunga kamba za viatu, wanakaa mlangoni jioni nzima, anazifunga na kuzifungua.

Nimeamua jambo moja. Upande ule tuko madereva wawili, na zamu inapangwa asubuhi. Nitaiomba mimi. Kama lazima ardhi ile ifunuliwe, afadhali mkono uwe wa mjomba wake. Nikimwona, nitamtoa kwa mikono yangu, nitampeleka penye watu wetu, na Baba hayupo tena wa kunizuia. Usijali.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Usifanye. Barua hii naipeleka kwa njia ya haraka, ya kulipia zaidi, ikuwahi.

Mwachie yule dereva mwingine. Mwachie mtu asiyejua. Asiyejua atachimba mchanga tu, na kwake utakuwa mchanga. Wewe utaona kila mzizi ni mkono. Jioni utarudi nyumbani, watoto watakurukia, utawabeba kwa mikono gani?

Miaka yote hii nilimweka pale ili asiwe wa mtu mwingine yeyote. Sasa amekuwa wako pia, na sikutaka. Omba ugonjwa siku hiyo. Sema goti, hata la kuazima.

Akipotea, apotee mikononi mwa mgeni. Nimekuomba.

Dada yako


28 Julai

Dada,

Sijui nianzie salamu zipi. Wote wazima.

Tulifika pale tarehe 22. Niliomba zamu, Bwana Haraka akashangaa, maana kazi ya mizizi kila mtu anaikimbia. Asubuhi wakaangusha mivinje miwili kwa msumeno. Ilianguka polepole kuelekea ukutani, na vumbi la majani likakaa juu yetu muda mrefu. Nje ya uzio niliona nguo za rangi rangi kwenye ule upenyo. Walikuwa wengi siku hiyo kuliko siku zote. Hakuna aliyelia. Walisimama tu kama watu wanaongoja ofisi ifunguliwe.

Kijiko changu kina meno. Niliyageuza yakatazama juu, nikawa nakwangua kwa ukingo wa nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria anayoogopa kuikwaruza. Bwana Haraka akaja: "Unachimba au unapapasa?" Nikamwambia naogopa bomba la maji. Alipoondoka nikashuka, nikaingia shimoni, nikatumia mikono.

Mizizi, Dada. Mizizi iliyosukana mpaka huwezi kupitisha kidole. Kipande cha chupa. Kifuniko cha bati. Mchanga mweupe, na chini yake mchanga uliolowa. Nilizunguka mashina yote, hata lile lililooza. Nilichimba mpaka maji yakaanza kujikusanya. Sikuona kitu. Sikufichi, na wala sikwambii hivi ili ulale. Hapakuwa na kitambaa, hapakuwa na mfupa, si wake wala wa mwingine yeyote. Injinia alikuja akasimama ukingoni, akasema ardhi ya mchanga haitunzi, hasa kitu kidogo kiasi hicho, na chumvi, na mizizi. Akasema "pole" kwa sauti ya chini, akarudi kwenye kontena lake.

Nilikuwa nimebeba shuka mpya ndani ya mfuko wangu wa chakula. Nilirudi nayo.

Saa nane lori la kokoto likafika. Likapiga honi niondoke. Nikaondoka.

Nilikwenda mpaka kwenye upenyo. Yule wa kuni alikuwa amebaki. Akanitazama mikono. Nikatikisa kichwa. Akatikisa na yeye, kama tumekubaliana bei, akaenda zake.

Jioni mdogo wao alinirukia mlangoni. Nilimbeba.

Barua yako ya tarehe 19 imefika leo, niko nafunga hii. Nimeisoma nimesimama posta. Imechelewa, Dada. Kila kitu kimeshafanyika. Nisamehe kama kuna la kusamehe, sijui, wewe ndiye unayejua.

Mdogo wako


14 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mwezi wa tatu huu sijapata hata mstari. Nilipiga simu ile namba ya hoteli, akapokea mtu anayetisha, nadhani ndiye Kufuli mwenyewe. Alisema upo kazini, akakata. Basi nashukuru kwamba upo.

Bustani ilifunguliwa wiki iliyopita. Nisiseme uongo, pamependeza. Taa zinawaka, banda la bendi limepakwa rangi, njia ya matofali mekundu imeoshwa unaweza kulia chakula juu yake. Watoto wangu wamekimbia mpaka wakapotea, tukawapata kwenye bembea. Watu wanasema mji umepata pumzi. Nami nilipongezwa, nikapewa fulana. Kuna wakati nilijikuta nafurahi kweli, nikaona aibu, kisha nikafurahi tena. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Jumapili Mama akaniambia: "Nipeleke." Hakusema wapi. Nikamshika mkono, tukapita mbele, tukaizunguka bustani yote mpaka nyuma. Ni lami na mistari myeupe, magari yamejipanga. Mama alitembea katikati yake akitazama ukuta wa hospitali, akipima kwa macho. Ule mlango wa dobi umezibwa kwa matofali. Akasimama baina ya gari mbili.

Akaja mlinzi, mwenye adabu zake. "Mama, hapo hapasimamwi. Gari inataka kutoka."

"Natoka, mwanangu," akasema Mama. Na akatoka. Akaipisha gari.

Tulikaa kwenye kiti kipya, tukitazama watu wanaokula aiskrimu. Kisha akasema, bila kunitazama: "Unajua, sivyo?"

"Najua, Mama."

"Nilikuona ulivyorudi siku ile, ukanawa mikono mara tatu." Akakunja kitambaa chake, akakikunjua. "Mwandikie dada yako. Mwambie alikuwa wa kike. Mwambie alikuwa na nywele nyingi, zimelala mpaka hapa." Akajigusa juu ya sikio. "Mkunga alitaka kumwonyesha, mimi nikamkataza. Nilidhani usiyemwona humkumbuki."

Nilimwuliza kwa nini hakukwambia baadaye. Akasema, "Hakuniuliza. Nami nilikuwa nangoja aniulize."

Ndiyo hivyo, Dada. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sijaongeza.

Mdogo wako


9 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Msiwe na wasiwasi, sikuwa mgonjwa. Kila nilipokaa niandike niliona nitakulaumu, na kila nilipotaka kukulaumu niliona mikono yako mle shimoni. Kwa hiyo nikawa napiga pasi.

Hukuona kitu. Nimekuelewa. Sitakuuliza tena na wewe usijiulize.

Barua yako ya mwisho niliisoma Jumanne, nimesimama kati ya mashine mbili, ndipo mahali pekee humu ambapo mtu akilia haonekani, kila mtu uso wake umelowa. Unajua lugha yetu ilivyo na huruma. Miaka yote nimeweza kumfikiria bila kujua. Sasa ametambaa. Sasa amesimama. Sasa ameanza shule, amekuwa mrefu, amenizidi. Kote huko nilipita bila shida, neno ni lilelile kwa mvulana na msichana. Nilikuja kukwama majuzi tu, alipofika umri wa kuwa na nyumba yake. Nilitaka kusema ameoa, nikataka kusema ameolewa, sikujua niseme lipi. Nikamwacha pale mlangoni.

Kumbe ni binti. Nina binti mtu mzima, nimemjua Jumanne, na ana nywele nyingi.

Mkataba umeongezwa mwaka mwingine. Hawakuniuliza, waliniletea kalamu.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Fulana yako ivae, uliifanyia kazi. Na Mama, mwambie habari zimenifikia. Mwambie sijamkasirikia. Hilo la pili si kweli bado, lakini mwambie.

Dada yako